Taji la Mapezi Ulilolichoma

Tunduma

Kwa Kaka Seif, Mchukwi.

Assalamu alaikum. Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa nina hamu nawe. Natumaini nyumbani wazima na mguu wa wifi umepona. Mimi mzima, ila hasira zimenifika hapa shingoni. Ningekupigia, lakini wiki ya pili sasa simu zangu hupokei, basi utanisoma.

Nianze mwanzo, usije ukasema nimekurukia. Mwanangu Mwanaidi, niliyekuachia umlee, alichaguliwa kwenye igizo la mahafali ya shule. Akaniomba nimshonee taji kama la yule binti wa kwenye filamu, anayelinda mto, mwenye mapezi ya samaki kichwani. Filamu ile tuliitazama pamoja kwenye simu yangu, siku chache kabla sijapanda basi la kuja huku.

Basi nikamshonea. Kutwa nashona sare za watu kwa tajiri, saa ya chakula nashona taji. Nilikata mapezi saba kwenye boksi la viatu, nikayapaka gundi ya uji wa ngano, nikayavika vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani. Pezi la katikati lilikuwa likilala kama sikio la mbuzi, nikalitia waya wa mwavuli mbovu. Vitambaa vya wiki ile vilikuwa vyekundu, vyeupe na vyeusi.

Hapo kwenye rangi nakiri. Kwetu rangi hizo tatu zikikaa pamoja ni za mganga, za kupandishia pepo, hata mtoto anajua. Mwaka wa pili huu niko huku, zilinitoka akilini. Kosa langu ni hilo.

Wewe je? Ulifungua mzigo niliomtumia mtoto ukaruka nyuma, ukapiga kelele mpaka majirani wakajaa uani. Ukasema mdogo wako kanunua pepo Tunduma, sasa anamtuma aje kumchukua mtoto. Ukamwita mwalimu wa madrasa. Naye akaligeuza taji, akaona boksi la viatu kwa ndani, akacheka, akakwambia ni kitu cha kuchezea. Ungeishia hapo yangekwisha. Lakini majirani walishakuona unatetemeka, ukaona haya. Ukalimwagia mafuta ya taa. Ukamnywesha mtoto kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, asubuhi tatu, na igizo ukamkataza. Leo darasani hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Wanamwita mwenye pepo, na neno hilo limetoka kinywani mwako.

Kaniambia mwenyewe kwa simu ya mwalimu wake wa shule. Hakulia. Alisema, "Mama, mjomba alinishika mkono nilitazame likiungua. Kwani mimi nina pepo?"

Mtoto wa miaka tisa, Kaka. Niliacha cherehani nikaenda kulia chooni kwa tajiri. Kwa swali lile nakuchukia, nalisema waziwazi, na mama angekuwa hai ningelisema mbele yake.

Msalimie wifi, najua hakupenda. Msalimie babu yetu wa Mbwara ukienda kumwona. Na yule mwalimu wa madrasa mwambie namshukuru sana, yeye peke yake alitazama kwa macho.

Aliyekuletea barua hii ni shangazi yetu wa Nyamwage, aliyekulea, na bila shaka amekaa hapo anakutazama unavyosoma. Usihangaike kumpikia chai. Kaja na begi tupu la nguo za Mwanaidi, atakaa naye mpaka nije kumchukua. Usibishane naye, utajiaibisha. Ila kabla mtoto hajatoka mlangoni, waite majirani wote waliokuja siku ile, umwambie mbele yao kwamba hana pepo. Sema kwa nguvu. Sauti unayo.

Mimi, Tatu,
mama yake Mwanaidi.