Sekunde Sita za Tarragona

Injinia wangu,

Nimefika Tarragona, Idi, kule Hispania. Najua umeshajua, lakini acha nikuhadithie mwenyewe, maana video hukuipata.

Meli ya watalii ilitia nanga asubuhi, wakatupa masaa sita tu. Wenzangu wakaenda kutafuta ice cream. Mimi mbio hadi kwenye uwanja wa Warumi, ule wenye ngazi za mawe zinazotazama bahari, uliokuwa unanionyesha kwenye simu pale kazini kwetu, ghalani Mesquite, break ya dakika kumi, sambusa mkononi. Na kweli bwana, ngazi nyingine wamezichonga kwenye mwamba wenyewe. Uliniambia, nikabisha. Nisamehe na hilo.

Nilitakiwa nighairi. Safari tuliipanga wawili, figo zako zikakataa, halafu wewe ukaning'ang'ania: "Meli haingoji figo za mtu. Nenda ukanionee." Nikaenda. Nikajiambia nitakurekodia video kali, si unajua ku-edit nimejifundisha mwenyewe, nikutoe machozi huko Missouri City, Texas, kwa mama yako.

Sasa sikia. Nimesimama katikati ya uwanja, naelezea, nimechangamka, simu ikaanza kutetemeka. Video call. Mama yako. Laini niliyonunua bandarini ilikuwa na bando la kutosha, Idi. Nikaikata. Nilitaka nimalize ile shot kabla jua halijaingia kwenye wingu. Kumaliza, muda wa meli umebana, nikakimbia, nikasema nitapiga nikiwa ndani. Huko ndani mtandao ukakata kweli.

Siku hiyo hiyo, mchana kwa saa za Texas, wewe ukaondoka duniani. Kesho yake wakakuzika, mimi bado niko baharini, habari nikazikuta bandari iliyofuata. Sijakutupia hata konzi moja ya udongo.

Mama aliniambia wewe ndiye uliyemwomba apige. Ulitaka uuone uwanja live, hata dakika moja. Halafu akanifariji yeye mimi: "Usijisumbue mwanangu, baharini hamna network." Nikaitikia, ndiyo mama. Sasa hivyo ndivyo anavyowaambia watu wote wanaokuja kuhani.

Jumamosi ni arobaini yako. Anataka baada ya khitma ile video iwekwe kwenye TV, watu waone ulichokuwa unakipenda. Na kwenye video mtetemo unasikika. Na mimi nasikika, nacheka: "Mama Idi huyo, asubiri kwanza." Sekunde sita. Kuzikata ni kubonyeza mara mbili tu. Kompyuta nimeifungua tangu jana, kidole kiko pale pale.

Nakuahidi, ile original siifuti. Na Ijumaa nakuja kaburini kwako, simu naiacha kwenye gari. Pumzika, Injinia.

Ila wewe mtu wa vipimo, niambie: ungekuwa mimi, na mama amekaa kwenye kochi la mbele, ungezikata?