Fomu Iliyolala Kwenye Droo ya Kaka

Mshauri wangu, nakuandikia nikiwa na hasira, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni wakili, mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye ofisi ya kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenishika mkono tangu nikiwa mwanafunzi, na mwaka jana nilianza shahada ya uzamili ya sheria, na ndani ya shahada hiyo kuna cheti cha ubobezi katika sheria za kazi, yaani unasoma masomo manne ya fani hiyo, unaandika na utafiti mrefu, ukihitimu unapewa shahada na cheti juu yake, ila lazima ujaze fomu ya kukiomba kabla muhula wa pili haujaisha. Masomo nimefaulu yote, na utafiti niliandika kuhusu watu wanaoachishwa kazi kwa ujumbe wa simu, nikahoji wanawake kumi na wanane wa kiwanda cha nguo mpaka nikawajua watoto wao kwa majina. Fomu niliijaza wiki tatu kabla ya siku ya mwisho, na kaka, ambaye hufundisha kitivoni hapo siku moja kwa wiki, akasema nimpe aipeleke mwenyewe, nisijisumbue na foleni, nami nikampa.

Mwezi uliopita orodha ikabandikwa, jina langu halimo. Nikadhani ni uzembe wa makarani, nikawagombeza mpaka watu wakageuka. Juzi natafuta pini za stepla kwenye droo ya kaka, nikaikuta fomu yangu imekunjwa mara mbili, imelala chini ya kalenda ya mwaka jana. Nilipomuuliza hakukana. Alisema, "Ukishapata hicho cheti, wateja wa kesi za kazi watakuulizia wewe, kisha utafungua ofisi yako. Mimi nitabaki na nani?"

Bado kuna kamati ya rufaa, mwisho Ijumaa, nayo inataka hati ya kiapo inayoeleza kwa nini fomu haikufika. Kaka ameshaniandalia, imechapwa vizuri kabisa, inasema nilikuwa mgonjwa. Anadai nikisema kweli kitivo kitamfukuza. Mama naye analia, ananiambia, "Saini tu mwanangu, cheti utapata, na kaka yako atabaki kaka yako." Nisaini?

Wakili Mwenye Hasira

*

Wakili,

Pole sana, na hasira yako ni halali, maana hata mimi nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Mtu anaogopa kubaki peke yake, sawa, ni binadamu. Basi angekuketisha akakwambia. Kukufichia fomu huku anakuona ukihangaika na utafiti wako ni ukatili, hata akiwa kaka mara mia.

Ila nawe nikuseme kidogo. Miaka tisa unawaonya wateja wasikabidhi karatasi bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, halafu ya kwako unampa mtu mkononi kwa sababu mmekua nyumba moja? Ningekuwa mteja wako ningetafuta wakili mwingine. Na wale makarani uliowagombeza bure, nenda ukawaombe radhi.

Usisaini. Hukuwa mgonjwa. Uongo huo ukigundulika utapoteza cheti, shahada na leseni ya uwakili, na aliyeuchapa atabaki na ofisi yake. Isitoshe, utawasimamiaje wanawake wale kumi na wanane, ukiwadai mabosi wao waseme kweli chini ya kiapo? Mama mpe heshima yake yote, ila kalamu usimpe.

Andika kiapo chako mwenyewe, kifupi: uliijaza lini, ulimpa nani, uliikuta wapi. Matusi usiweke hata moja. Kitivo kikimwadhibu, kitamwadhibu kwa alichofanya yeye, siyo kwa ulichosema wewe. Suala la kuhama ofisi liache mpaka moyo utulie, maana mtu mwenye hasira hubeba mafaili yasiyo yake.

Ukishaapa, toa nakala mbili. Kiapo chenyewe kipeleke kwa miguu yako, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako igongwe muhuri mbele ya macho yako. Nakala nyingine mpe kaka yako kabla hujatoka ofisini, na asaini kwamba ameipokea.