Makabati ya Kerryn

Toowoomba, Jumapili

Dada Glenys,

Huku tu wazima, mvua imenyesha na mbwa amezaa. Huko Perth mnaendeleaje?

Sasa sikia vituko vya kaka yetu. Mama alipolazwa kwa nyonga iliyovunjika, Darryl na mkewe Kerryn, wanaokaa kwake, walibomoa jiko na kugeuza ghorofa nzima ya chini. Makabati ya kuchongesha yamefika darini, rangi ya majani ya mkaratusi, ati inatuliza moyo. Na huyo Kerryn hata yai hajui kukaanga!

Alhamisi nikamrudisha Mama. Akasimama na mkongojo wake. "Chumba changu kiko wapi?"

Kerryn akacheka. "Mama, pale sasa ni stoo ya vyakula. Tulidhani..."

"Mlidhani nini, mwanangu?"

Ikabidi Darryl aseme. Kumbe walishamwombea nafasi nyumba ya wazee bila kumwuliza!

Mama akaomba chai, akainywa yote. "Makabati mazuri," akasema. "Yaacheni hapo. Nyumba ni yangu, ninyi fungasheni."

Ijumaa wakahama, nami nikaondoa vile vyakula na kurudisha kitanda cha Mama. Jana Kerryn kanipigia akilia, anataka kuongea na Mama. Nikamwambia Mama amelala, tena chumbani kwake.

Mdogo wako,
Janine