Pale Leso Zilipoinuka

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Huna adabu. Mtu huwaalika watu, akawapakulia, kisha akachomoka mlango wa nyuma kabla hawajamaliza kula? Nani alikufunza hayo? Si mimi. Nasikia uko Diani unatandika vitanda vya hoteli, simu umeizima, na mama yako umemwambia kamera unaiuza, mambo ya sinema basi. Eti kwa sababu watu walicheka. Basi nisome, na yeyote atakayeipata barua hii naye asome, maana mashahidi wapo.

Walicheka, kweli. Hata mimi nilicheka. Sinema yako ni mbaya, mwanangu, tusidanganyane. Shujaa anaruka angani na kamba tunaiona, imefungwa kwenye mkorosho wa baba yako. Adui ni mjomba wako Hamisi na sufuria kichwani, anatishia kuiba maji yote ya Kinango. Mgeni mmoja wa huko huko Kinango kwenye ukame akauliza, "Atayapata wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Saidi muuza kahawa akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo nilipokuona unajifunika mtandio na kutoka.

Ungengoja kidogo tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa jikoni, mimi juu ya mbuzi nakuna nazi, wewe unaidokoa? "Bibi, nihadithie nilivyozaliwa." Kila siku, kama kwamba hujapata kusikia. Nami nakueleza: tulitoka Jego kumpeleka mama yako hospitali ya Msambweni, gari likatuharibikia njiani, jua la adhuhuri, hapana nyumba. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni Lunga Lunga wakatua mizigo yao. Hakuna aliyeombwa. Kila mmoja akafungua leso yake ya juu, tukamzunguka mama yako, tukaziinua zikawa ukuta. Na wanaume wote pale barabarani, wa malori na wa bodaboda, wakatugeuzia migongo, maana leso zikiinuliwa mwanamume hatazami. Ukazaliwa humo ndani.

"Mkono haukuchoka, Bibi?"

"Ulichoka. Nani alikuambia mkono wa mtu ni chuma?"

Sasa nikuambie ulichokikimbia.

Shujaa wako, Rehema binti wa jirani, ametoka kulinyanyua lori kwa mkono mmoja, lori lenyewe la maboksi, watu wangali wanacheka. Anashuka barabarani. Mwanamke yuko chini, uchungu umemshika. Rehema anasimama, hajui afanye nini. Nguvu zote zile hazina kazi. Wanawake wanakuja, wanatua mizigo, wanafungua leso. Hapana muziki, hapana maneno, ni pumzi za mzazi tu. Naye Rehema anaifungua ile leso aliyoifanya mbawa mgongoni, leso yangu, uliyoichukua bila kuniomba, anaingia kwenye mduara na kushika pembe. Kamera yako ikabaki nje. Tukaona migongo na mikono, basi. Na ule mkono ulionyanyua lori ukaanza kutetemeka kwa kushika leso.

Kisha, wallahi, wanaume wakaanza kugeuka. Mmoja, halafu mwenzake, halafu safu nzima. Watu wazima waliokuja kutazama shuka lililotundikwa ukutani wakaligeuzia migongo, kama kwamba mzazi yuko pale kweli. Saidi peke yake akawa anachungulia. "Mbona mzazi mwenyewe hatumwoni?"

Bi Mwanakombo akamwambia, "Geuka, Saidi. Kwani wewe mkunga?"

Akageuka, na birika lake mkononi.

Mimi nikajikuta mikono yangu iko juu. Sijui nani aliipandisha. Mama yako alikuwa kando yangu analia kimya, naye unamjua, si mtu wa kulia. Na mtoto aliposikika, vikapigwa vigelegele hata majirani wakaja mlangoni kuuliza ni harusi ya nani.

Kisha Rehema akaruka tena na kamba yake, na watu wakacheka tena. Waache wacheke. Aliyewafanya wanaume wa Jego kulionea haya shuka, kicheko chao kitamfanya nini? Tangu siku hiyo Saidi anawasimulia wateja wake habari ya zile leso, utadhani alishika moja yeye. Mimi kusoma kwangu ni kwa ngumbaru tu, ukubwani, lakini kazi ya mtu naijua nikiiona. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele, wala sikumsalimu mtu mpaka anisalimu yeye kwanza.

Basi sikiliza. Vitanda vya wageni vina wa kuvitandika. Kamera haiuzwi. Wanawake wa Vanga wameleta salamu, wanataka kuiona sinema, nami nimeshawajibu ndiyo kwa jina lako, wala usinune. Mtoe Hamisi na sufuria yake. Kamba uifiche, au shujaa atembee kwa miguu kama sisi. Pale penye leso usipaguse hata kidogo. Leso yangu uifue, uje nayo. Na safari hii utakaa safu ya mbele, kando yangu, mpaka mwisho.

Ni mimi bibi yako,
niliyeshika pembe siku ile ulipozaliwa.