Walii wa Naima

Tandika, 3 Februari 2024

Mwanangu Talha,

Asalamu alaykum. Hujambo na hiyo baridi? Unakula? Mie mzima, goti tu, nalo tumeshazoeana.

Naima kaposwa. Watu wa mume, wa Kimara, wanataka ndoa Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo. Baba yenu marehemu, walii wa kumwozesha ni wewe. Njoo, baba. Siombi kingine.

Mzee Marijani wa dukani kaniuliza unasomea nini huko Ujerumani. Nikamwambia, makundi. "Makundi? Mama Talha, mbona hapa Tandika polisi wanayasaka bure!" Nilicheka, sasa nakuuliza mwenyewe. Makundi gani hayo yanayokushikilia?

Mama yako

Ujerumani, 9 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mie mzima.

Si makundi ya watu, mama. Ni ya hesabu, makundi ya mageuzo: unazungusha kitu, unapindua, unarudisha kilivyokuwa. Kundi lenyewe hatulishiki. Tunashika wawakilishi wake, hesabu zinazoonyesha linavyogeuza vitu. Ukiwajua wote na wanavyoungana, unalipata kundi zima bila kuliona. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naitetea mbele ya maprofesa wiki hiyohiyo ya ndoa.

Anwar wa baba mdogo nimemfanya wakili wangu. Dini inaruhusu. Hakitapungua kitu.

Mwanao Talha

Tandika, 10 Machi 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima na maprofesa wamekukubali. Hongera.

Ndoa imepita. Sheikh kauliza, "Walii yuko wapi?" Anwar kajibu, "Mie wakili wake." Wifi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo kaka yu hai kweli?" Naima alisikia. Hakulia. Kaniambia nimpigie pasi mtandio, na mtandio haukuwa na kunyanzi hata moja. Nikapiga.

Hesabu zako sizijui. Ila mwakilishi wa kwetu huja kavaa kanzu yake, si yako. Mpigie dada yako.

Mama yako

Ujerumani, 21 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Goti vipi?

Naima hapokei simu zangu. Mama, kanuni ile ya kulijua kundi kwa wawakilishi wake ina masharti, si kila kundi linaikubali. Yapo makundi makubwa, hayana mwisho, ambayo kila mwakilishi ni kama bubu: umuulize lolote, jibu ni lilelile. Ukiwa na hao tu, utadhani ndani hamna kitu.

Nakuja Februari. Mwambie.

Talha

Tandika, 12 Januari 2025

Mwanangu Talha,

Salaam nyingi. Mie sijambo, namshukuru Mungu.

Naima kajifungua binti. Nimemwambia unakuja. Kasema, "Karibu yake," kama mtu anavyomwambia mpangaji mpya. Anwar alikuwa kampakata mtoto, na Naima kainama anamwambia bintiye, "Mjomba wako huyu, mama. Mwingine huna." Nilitaka kumkanya. Mtoto alikuwa kashalala, nikamfunika kanga.

Ukija, fikia kwangu. Kwa Naima usiende peke yako, baba. Nitatangulia mie, nikakuombee radhi.

Mama yako