Vyenye Kukula na Vyenye Kuita

Mutoto yangu mupenzi Neema,

Ni baba yako nasema. Binti ya jirani njo anaandika, maana kalamu inaniogopaka. Hapa Kashuga batu bote banajua: chui alinikamata muguu, nikamupiga kofi moja, akakimbia analia. Wewe tu njo ulikuwa unaniharibia hadithi. "Papa, acha uongo. Ni chukudu, baiskeli ya mbao ya kubeba mihogo, ilikuangukia."

Unakumbuka asubuhi ile ulinikuta ku mulango? Nilikuwa nimefungula kapsile ya dawa, ile ya rangi mbili, namwanga unga mu kidonda vile kila muntu hapa anafanyaka, na ganda ya jana nimeitosha, nimeibandua na kucha.

"Papa! Umetosha mpaka nyama mupya!"

"Mupya ao ya zamani, yote ni yangu."

Haukucheka. Ukaosha kidonda, ukakaza bande ya kitambaa kuanzia ku vidole vya muguu, ukaniambia maneno yenye ingali inanisumbua. Mu mwili muko vitu vyenye kuita nyama mupya ikuje. Muko na vingine vyenye kukula nyama yenye kufa. Vyote viko na kazi. Lakini mu kidonda ya siku mingi, vyenye kukula haviachake. Vinakula na nyama mupya, mwisho vinakula mpaka vile vyenye kuita. "Njo maana kidonda inanyamaza, Papa. Hiyo hapana kupona. Hakuna tena wa kuita."

Kisha ukaenda ku kijiji ya Kibua, kufunga vidonda vya bengine. Mwanzo batu ya chukudu balinileteaka salamu yako: "Papa, usikune!" Kisha masasi ya bunduki ikalia ule upande, na hakuna chukudu inatoka kule tena. Mufanya biashara wa Butembo mwenye duka hapa kwetu ameifunga, amepakia mpaka milango. Njia yako iko kimya, mutoto yangu. Hata mbwa haitoke kule.

Sikukuna. Bande naikaza kila asubuhi, na kidonda imebakia kama mbegu ya haragi. Ulinikataza kutembea mbali mbele ya kidonda kufunga. Lakini leo batu banafunga mizigo, banakimbilia upande ingine. Mimi napanda upande wako. Nimebaambia naenda kutafuta chui yangu, nimuongeze kofi ya pili. Bakacheka kidogo, kisha bakarudilia kamba za mizigo.

Ukisikia fimbo mu njia, usijifiche. Ni mimi. Na kama uko, Neema, ita.

Baba yako, mwenye kupiga chui kofi