Waya Niliofunga Mkuyuni

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Hapa Mlabani hatujambo, bibi yako yuko shambani anapalilia mpunga. Umeniuliza waya wa redio hufungwaje porini pasipo umeme.

Ujanani nilimbebea mpima ardhi redio ya betri ng'ambo ya mto, upande wa Mofu. Mafuriko yakatuzingira, yeye akazidiwa na homa, nikabaki mimi wa kuita Ifakara. Nikafunga jiwe kwenye mshipi wa kuvulia samaki, nikalirusha juu ya mkuyu, nikapandisha waya. Maneno ya Kizungu ya kuitia yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Hodi."

Kisha sauti ya bibi kizee ikajibu, "Karibu, baba. Mtumbwi unakuja."

Alasiri mtumbwi ukafika. Mvuvi alisema katumwa na bibi asiyemjua, aliyesimama katikati ya maji, khanga yake kavu. Nilipokunja waya nikaona kosa langu: kwa haraka, ncha ya chini nilikuwa nimeifunga kwenye mzizi wa mkuyu. Redioni hapakuwa na waya.

Wewe funga wako vizuri. Ila kabla hujataja namba ya kituo chako, piga hodi.

Babu yako, ambaye mpaka leo hajasema asante.